Kufaa

Katika miaka 38 niliyofanya kazi ya ualimu, sidhani kama kuna neno nililolitumia mara nyingi kuliko neno "kufaa". Mwanafunzi huyu anafaa kuendelea, yule hafai. Mwalimu huyu anafaa kusimamia nidhamu, yule tumpe bustani. Shati hili linafaa kuvaliwa shuleni, lile halifai. Nilipokuwa Chuo cha Ualimu mwaka 1970 tulifundishwa namna ya kupima, na nilipokuwa mwalimu mkuu nilipima, nikaandika, nikatia sahihi na muhuri. Wala sikumbuki hata siku moja nilipoweka kalamu chini nikajiuliza: kufaa ni nini hasa? Je, ni sifa iliyomo ndani ya kitu au mtu, kama uzito ulivyomo ndani ya jiwe? Au ni jambo lililo baina ya viwili, ambalo haliwezi kusemwa mpaka vyote viwili viwepo?

Sasa nimetimiza miaka 76, na swali hilo limenijia uzeeni kwa njia ambayo sikuitarajia. Limeletwa na gitaa la besi.

Msomaji asicheke mapema. Ninaye mjukuu wa kike, mwenye miaka 21, anayeishi nami hapa Morogoro. Kazi yake ni cherehani. Anashona sare za shule na nguo za harusi. Jioni anapiga besi katika kwaya ya kanisa letu. Gitaa analopiga ni mali ya kwaya, limezeeka, na kila mpigaji hulipangua na kulipanga apendavyo. Mwaka jana alinijia, akapiga goti kama alivyolelewa, akasema: "Babu, nimeweka akiba shilingi 350,000. Nataka gitaa langu mwenyewe. Naomba uniongezee, na naomba unisindikize Dar es Salaam, maana nikienda peke yangu wataniona mtoto."

Nilikuwa na shilingi 400,000 nilizoziweka kwa ajili ya bati za upande wa jikoni, ambako mvua ikinyesha tunatega ndoo. Sikumjibu siku hiyo. Nilimwambia nitafikiri.

Nikiri kwamba sikuwa mgeni wa besi. Ujana wangu ulikuwa hapa hapa Morogoro, mji wa Morogoro Jazz Band na Mbaraka Mwinshehe, ambaye tulimpoteza Januari mwaka 1979. Katika muziki wa dansi wa siku zile besi ilitembea chini ya magitaa mengine kwa upole, kama mtu mzima anayewafuata watoto wake nyuma ili asipotee hata mmoja. Hukuisikiliza, lakini ikinyamaza miguu yako ilijua. Nami niliipenda kwa sababu hiyo. Niliiona kama msingi wa nyumba: hausifiwi na mgeni, ila bila huo hakuna nyumba.

Mjukuu wangu hapigi hivyo, au tuseme hapigi hivyo siku zote. Yeye amejifunza mtindo ambao vijana wanauita slapu. Mkono wa kulia unageuzwa ubavu, kidole gumba kinapiga uzi mnene kwa mfupa wake karibu na mwisho wa shingo ya gitaa, kisha kinaruka juu upesi kama kimegusa chungu cha moto. Uzi unajigonga kwenye zile freti, yaani vile vyuma vyembamba vilivyolala kukatiza shingo, na kutoa mlio mkavu. Halafu kidole cha shahada kinaingia chini ya uzi mwembamba, kinauvuta na kuuachia ujipige wenyewe. Kwa hiyo gitaa moja linatoa sauti mbili, ngoma kubwa na ngoma ndogo, pamoja na wimbo katikati. Yeye kwa Kiswahili chake husema "kuchapa". "Babu, hapa nachapa, hapa nabembeleza."

Neno hilo, kuchapa, halikunipendeza. Sababu yake nitaieleza mbele.

Katika kwaya pia yapo maneno. Mzee mmoja wa kanisa, rafiki yangu wa miaka mingi, alisikia habari ya safari yetu akatikisa kichwa. "Mwalimu," aliniambia, "mchagua jembe si mkulima. Besi ni besi. Kama anataka kumtumikia Mungu, lile la kwaya linamtosha."

Nililala na methali ile usiku mzima, maana nimewafundisha watoto wengi maana yake, nami sikutaka kuikana. Lakini kabla ya alfajiri nilikumbuka shamba la shule. Mwaka mmoja tuliletewa majembe ya mpini mrefu na mzito, tukawapa watoto wa darasa la tatu sawasawa na wa darasa la saba. Wale wadogo walirudi na malengelenge, na mmoja akajikata mguu. Nani angewaambia kwamba mchagua jembe si mkulima? Methali inamlaumu mtu ambaye kuchagua kwake ni namna ya kukwepa jua. Haimlaumu yule ambaye amekwisha kulima, na kwa kulima amejua jembe gani linamvunja mgongo. Wazee hao hao ndio waliosema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi mjukuu wangu alikuwa amekilalia kitanda kwa miaka minne.

Tukapanda treni ya umeme asubuhi, tukafika Dar es Salaam kabla jua halijawa kali. Nilikuwa nimeomba tuandamane na fundi mmoja anayetengeneza ala za bendi, mtu wa makamo, mpole, mwenye vidole vilivyokauka kwa gundi na risasi ya kulehemu. Alitupokea akatupeleka kwenye duka moja la ala za muziki.

Muuzaji alituonyesha magitaa mawili. La kwanza lilikuwa jipya, jekundu, linang'aa hata unajiona uso. Lilikuwa na nyuzi tano na freti 24, na bei yake ilikuwa shilingi 850,000. La pili lilikuwa limetumika. Rangi yake ya kahawia ilikuwa imechubuka pale mkono unapoegemea, lilikuwa na nyuzi nne tu na freti 20, na bei yake ilikuwa shilingi 600,000. Muuzaji akanigeukia mimi, kwa kuwa alikwisha kuona nani mwenye mvi. "Mzee, hili jekundu ndilo la kisasa. Nyuzi tano. Freti zote. Ukimnunulia hili umemaliza."

Nami, ndugu msomaji, nilikubaliana naye moyoni. Ni hesabu ya darasa la pili: tano ni zaidi ya nne, 24 ni zaidi ya 20, jipya ni zaidi ya kuukuu. Kama yale magitaa yangekuwa watahiniwa wawili mbele ya meza yangu, yule wa kwanza angekuwa ameingia sekondari na yule wa pili amerudi kijijini. Nilianza kuhesabu moyoni ni mifuko mingapi ya mpunga ningeweza kuuza ili nifikie bei.

Mjukuu wangu hakusema neno. Alilivaa lile jekundu, akalipiga bila umeme. Fundi ndiye aliyemwambia afanye hivyo. "Gitaa lisiloongea bila umeme," alisema, "umeme utalipaka rangi tu." Binti akapiga kwa kubembeleza, likalia vizuri. Kisha akajaribu kuchapa. Mara ya kwanza kidole gumba kiligonga uzi wa jirani. Mara ya pili kile cha shahada hakikupata pa kuingia. Akajaribu tena na tena, uso ukaanza kumbadilika, na mimi nikadhani anaona haya mbele ya watu.

Akalivua, akavaa lile la kahawia. Sauti ikatoka mara moja, kavu na safi, na kijana aliyekuwa anafagia dukani akasimamisha ufagio.

Fundi akanivuta pembeni, akatoa rula mfukoni na kunionyesha kwa subira ambayo ningependa walimu wote wawe nayo. Kwenye daraja la gitaa, pale nyuzi zinapofungwa, nafasi kutoka uzi hadi uzi katika lile la nyuzi nne ilikuwa milimita 19. Katika lile la nyuzi tano ilikuwa kama 17. "Milimita 2, Mzee. Kwa anayebembeleza si kitu. Kwa anayechapa ni mlango kufungwa, maana kidole lazima kipenye chini ya uzi." Akanionyesha jambo la pili. Freti 24 zinaifanya shingo iwe ndefu kuelekea kwenye pikapu. Hapa sisemi gari, nasema zile sumaku zinazonasa mtikisiko wa uzi. Kwa hiyo pale mahali ambapo kidole gumba kinapenda kuangukia panakuwa pafinyu. Freti zile za ziada, ambazo muuzaji alizihesabu kama faida, zilikuwa zimekula uwanja.

Akaendelea kunifundisha. Nyuzi zisikae juu sana ya shingo, maana mkono utachoka, wala chini sana, maana zitakoroma kila zinapoguswa. Shingo itazamwe kwa jicho moja kama seremala anavyotazama ubao, na ikiwa imepinda kidogo isikufukuze, kwa sababu ndani yake kuna fimbo ya chuma inayoweza kukazwa au kulegezwa. Nyuzi zenyewe ziwe za waya wa mviringo na ziwe mpya, maana zile za waya bapa sauti yake ni ya kukumbatia, si ya kupasuka. Pikapu mbili ni bora kuliko moja kwa mtu anayetaka sauti zaidi ya moja. Kuna magitaa yenye kikuza sauti ndani, yanayotumia betri ya volti 9. Hayo huinua mlio wa chini na wa juu, nayo yanapendwa sana na wachapaji, ila katika aina nyingi betri ikifa katikati ya ibada, gitaa nalo limekufa. Na mwisho, uzito: livaliwe kwa mkanda dakika 10 nzima, mtu akiwa amesimama, aone kama shingo inaanguka ikiachiwa.

Nikamwuliza swali la kitoto. "Fundi, basi aliyebuni gitaa hili alifikiria mambo haya yote?" Akacheka. "Hata kidogo, Mzee." Akanisimulia habari ambayo baadaye niliisoma mwenyewe na kuiona ni kweli.

Bwana Leo Fender wa California, Marekani, alikuwa fundi wa redio. Yeye mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Mwaka 1951 alitoa gitaa la besi la umeme ambalo lilienea kuliko yote yaliyolitangulia, akalitia freti ili mpigaji apate noti sahihi bila kubahatisha, na ndiyo maana akaliita Precision. Mwaka 1960 akatoa jingine, Jazz Bass, lenye shingo nyembamba zaidi na pikapu mbili. Yote mawili aliyatengeneza ili nyuzi zivutwe kwa upole. Ni kweli kwamba wapigaji wa lile besi kubwa la kusimama, huko New Orleans, walikuwa wakizivuta na kuzipiga nyuzi kwa kiganja tangu mwanzoni mwa karne ya 20 ili wasikike katikati ya tarumbeta. Lakini hakuna aliyeliagiza gitaa la umeme kwa kazi hiyo.

Kisha, katika miaka ya 1960, alikuwapo kijana Larry Graham, aliyekuwa akipiga muziki pamoja na mama yake kwenye kumbi za California. Mama alikuwa kwenye piano. Kijana alipiga gitaa la kawaida, na sauti ya besi aliitoa kwa miguu kwenye kinanda. Kinanda kikaharibika. Akakodi gitaa la besi kwa muda tu, mpaka kinanda kitengenezwe, nacho hakikutengenezeka. Baadaye mama akaamua waendelee bila mpiga drams. Kijana akaona pengo. Akaanza kugonga nyuzi kwa kidole gumba mahali pa ngoma kubwa, na kuzivuta kwa kidole kingine mahali pa ngoma ndogo. Kutoka hapo alichukuliwa na kundi la Sly and the Family Stone, na dunia ikaisikia. Waliomfuata wakachagua kila mmoja chombo chake. Louis Johnson alijulikana kwa gitaa la Music Man StingRay, lililotoka mwaka 1976 likiwa na kikuza sauti cha betri ndani. Marcus Miller alijulikana kwa Jazz Bass lake la mwaka 1977, ambalo fundi Roger Sadowsky alilitia kikuza sauti baada ya kutoka kiwandani.

Tafakari jambo hilo, msomaji. Leo mtu akiingia dukani anauliza, "Gitaa gani linafaa kwa slapu?" na anapewa majibu, nayo ni majibu mazuri. Lakini slapu yenyewe ilizaliwa kwenye gitaa la kukodi, mikononi mwa mtu ambaye hakulichagua, kwa kazi ambayo mbunifu wake hakuiwazia. Kama Larry Graham angengoja gitaa linalofaa, lisingalikuwapo. Kulitumia kwake ndiko kulikolifanya lifae.

Je, basi ushauri wote ni bure? Kama kufaa huzaliwa na matumizi, kwa nini tusichukue lolote? Nililifikiri hili njiani tukirudi, na naona jibu ni hapana. Ile milimita 19 ni kweli na ile 17 ni kweli. Rula haisemi uongo. Lakini rula haikusema gitaa lipi ni bora. Ilisema tu nafasi ni kiasi gani. Neno "bora" lilikuja pale mkono wa binti yule ulipoingia kati ya nyuzi. Angekuwa mpigaji mwingine, mwenye kazi ya kushuka kwenye noti za chini kabisa kwa kubembeleza, lile jekundu lingekuwa ndilo, na fundi angetoa rula ile ile kulithibitisha. Hata sheria zinazoonekana imara huvunjwa na mkono unaojua. Mlio wa slapu, nimesema, ni uzi kugonga freti. Hata hivyo Bakithi Kumalo wa Soweto alipiga gitaa la besi lisilo na freti kabisa katika albamu ya Graceland ya Paul Simon, mwaka 1986, na kipande chake kifupi katika wimbo "You Can Call Me Al" kinakumbukwa na wapenzi wa besi mpaka leo.

Kwa hiyo kufaa si sifa ya kitu peke yake, wala si matakwa ya mtu peke yake. Ni makutano. Kipimo kinaweza kutuambia upande mmoja tu wa makutano hayo. Anayetia muhuri kabla upande wa pili haujafika, ametia muhuri kwenye karatasi tupu.

Hapa ndipo ninapolazimika kueleza kwa nini neno "kuchapa" lilinikera.

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ambayo sitaitaja. Darasa la sita alikuwamo mvulana aliyekuwa na tabia ya kupiga dawati. Hakulipiga kama watoto wote wanavyopiga. Aligonga kwa mfupa wa kidole gumba, akakwaruza na kuvuta ukingo wa ubao kwa vidole viwili, na kutoka kwenye lile dawati bovu zilitoka sauti mbili, moja nene na moja kali. Walimu walilalamika. Nilimwonya mara mbili. Siku moja alikuja na gitaa alilolitengeneza mwenyewe, la galoni la mafuta, mpini wa mti, na nyuzi za waya wa breki za baiskeli. Kengele ilikuwa imekwisha kugongwa naye bado alikuwa nyuma ya choo akilipiga, na wenzake darasa zima wamemzunguka.

Nilimchapa mbele ya paredi, viboko vinne. Kisha nikalikanyaga lile galoni mpaka likabonyea, nikasema maneno ambayo nayakumbuka kwa sababu niliyaona ya busara wakati huo: kwamba shule ni mahali pa watu wanaofaa, na anayetaka kupiga madebe aende kwenye vilabu vya pombe. Wanafunzi walicheka. Yeye hakulia. Aliokota zile nyaya za breki, akazikunja, akazitia mfukoni. Baada ya likizo hakurudi. Katika daftari la mahudhurio niliandika "mtoro", nikapiga mstari kwa wino mwekundu.

Nilimchapa kwa sababu alikuwa anachapa. Sikuliona hilo wakati ule. Nililiona pale dukani, miaka zaidi ya 40 baadaye, wakati mjukuu wangu alipogonga uzi mnene kwa kidole gumba bila umeme, na ule mlio mkavu wa ubao ukanifikia. Niliujua kabla sijajua ninaujulia wapi. Fundi alinisogezea kiti, akidhani safari imenichosha.

Msomaji anaweza kusema: huyo alivunja kanuni, na shule bila kanuni ni soko. Nakubali. Kuchelewa kulikuwa kosa, na kosa lilistahili adhabu. Lakini sikumwadhibu kwa kuchelewa tu. Nilimpima. Nilikuwa na rula moja, ile ya mtihani wa darasa la saba, na tulikuwa tukiisoma Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, ya mwaka 1967, iliyotuonya tusiifanye shule ya msingi kuwa ngazi ya wachache kwenda sekondari. Niliisoma, nikaifundisha, nikawauliza wengine maswali juu yake. Kisha nikamkuta mtoto aliyejitengenezea chombo chake kwa takataka, yaani kujitegemea kwenyewe, nikamkanyagia.

Miaka kadhaa iliyopita nilifunga safari kwenda kijiji kile. Nyumba yao ilikuwa shamba la ufuta. Jirani aliniambia walihama zamani, hajui walikokwenda. Kwa hiyo sina hadithi ya mwisho mwema ya kukupa. Sijui kama alikuwa mwanamuziki. Huenda alikuwa mkulima, huenda dereva, huenda amekufa. Wala haingebadili kitu kama angekuwa hodari au hovyo. Sikumkosea kwa sababu alikuwa na kipaji. Nilimkosea kwa sababu nilisema "hafai" na sikuwa nimesikiliza.

Basi pale dukani nilikuwa na pesa mfukoni na mtoto mwingine mbele yangu. Nilihofia mambo mawili. Nilihofia kwamba nikimlazimisha achukue lile jekundu kwa kuwa nimelisifu mimi, nitakuwa nimekanyaga galoni la pili, ila safari hii kwa upole na kwa fedha. Lakini nilihofia pia kwamba kwa ajili ya dhambi yangu ya zamani ningekubali lolote analotaka, na hilo nalo si kumsikiliza mtu, ni kumtumia ili kujiponya. Nikamwita tukatoka nje, tukasimama kwenye kivuli cha baraza.

Nikamwuliza: "Mjukuu wangu, unapochapa, unamtumikia nani?"

Alifikiri kabla ya kujibu, nami nilimheshimu kwa hilo. "Babu, katika nyimbo kumi nachapa labda tatu. Zile za shangwe, ambazo watu wanapiga makofi na sauti ya besi inazama. Nikichapa wanapata mahali pa kuweka mguu. Zile saba nyingine nabembeleza. Ile ya kuaga marehemu siwezi kuchapa, ningekuwa mwendawazimu."

"Na wakikukataza hata hizo tatu?"

"Nitabembeleza zote kumi. Lakini nyumbani nitachapa."

Sikuwa na swali jingine. Alikuwa amenijibu mimi na yule mzee wa kanisa pamoja. Nilikumbuka yule kijana wa California, kwamba hata yeye hakuanza kuchapa ili aonekane. Alianza kwa sababu mama yake hakuwa na mpiga drams, na pengo lilihitaji kuzibwa. Mtindo ambao leo wengi wanauona kuwa wa majivuno ulianza kama utumishi.

Tukarudi ndani. Nilimwomba fundi ahakikishe kwamba lile la kahawia linabembeleza pia, kwa sababu nyimbo saba ni nyingi kuliko tatu. Akazima pikapu moja, akaiacha ile ya upande wa shingo, binti akapiga polepole kwa ncha za vidole, na sauti ikawa nene na laini. Kwa hilo niliridhika. Chombo kinachofaa kuchapwa kisiwe kimenyimwa upole, kama vile mtu.

Muuzaji alipunguza mpaka shilingi 560,000. Mjukuu wangu alitoa zake zote 350,000, akabaki hana kitu. Mimi nikatoa 210,000. Ningeweza kutoa zaidi ili abakiwe na chochote, lakini alikataa. Alisema anataka kwa mkono wake alipie sehemu kubwa. Bati zimesubiri, na ndoo bado iko jikoni mahali pake.

Mzee wa kanisa bado hajapenda. Jumapili iliyopita alikunja uso katika wimbo wa pili, ingawa niliona kiatu chake kikienda. Sikumwambia kitu. Naye ana haki ya kusikiliza kwa muda wake.

Ninayaandika haya kwa ajili ya wale ambao bado wana muhuri mkononi: wazazi, walimu, wasimamizi wa kazi, viongozi wa dini. Siwaambii waache kupima. Fundi alipima, na kipimo chake kilimwokoa mjukuu wangu na gharama ya 850,000 kwa kitu ambacho kingemfunga mkono. Lakini fundi alimwacha kwanza apige, ndipo akatoa rula. Mimi kwa miaka 38 nilitoa rula kwanza, na mara nyingi baada ya rula sikuona tena haja ya kumsikia mtu akipiga.

Usiku, kazi za cherehani zikiisha, nasikia kutoka chumba cha pili kidole gumba kikigonga uzi, bila umeme, ili asituamshe. Hanijui kuwa niko macho. Nikiusikia mlio ule nakumbuka zile nyaya za breki zilizokunjwa zikatiwa mfukoni, na natumaini alipata galoni jingine.